Orodha ya Ndege ya Zamani

Wacha niseme mapema, kabla mtu hajaanza kunisifu: mimi ni mwanamke mwenye wivu. Si ule wivu wa kupekua simu ya mume, huo ningejua dawa yake. Wangu ni wa kumwonea gere mume wangu mwenyewe, mwanamume asiye na pombe wala mpango wa kando, anayefua soksi za mtoto kwa mkono na kuzianika mbili mbili. Nimemwonea wivu angani na nimemwonea wivu jikoni. Nikiwaambia watu hivyo hucheka, wakidhani natania.

Tulijifunza urubani darasa moja, jeshini, sisi wote vijana wa Nyeri tusio na mjomba mkubwa mahali popote. Kila mtihani yeye alikuwa wa kwanza na mimi wa pili. Nikisoma mpaka macho yawashe, wa pili. Yeye akiamka na homa, wa kwanza. Mwalimu wetu wa helikopta alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku moja alisema mbele ya darasa zima, "Huyu akitua ni kama analaza mtoto." Kisha akanigeukia akasema, "Na wewe umetua." Darasa likacheka. Mimi pia nilicheka, nikaenda bafuni nikalia kwa hasira, halafu miaka miwili baadaye nikaolewa naye. Sijui kama ni mapenzi yaliyonipeleka au nilitaka tu ile mikono iwe yangu kwa njia yoyote. Labda vyote viwili.

Mtoto wetu ni mvulana, mmoja tu. Alipofika miaka mitatu bila kutamka neno, daktari mmoja wa Nyeri mjini alitukalisha chini akatuambia ni usonji. Leo ana miaka tisa na bado haongei. Anasikia kila kitu na anaelewa mengi kuliko watu wanavyodhani, lakini dunia inamjia na kelele nyingi mno, na akizidiwa anajiuma mkono au anaanguka sakafuni akilia hadi sauti inamkauka. Anapenda mambo yafuate mpango wake. Kikombe ni kile cha kijani. Ugali usiguswe na mboga. Ukibadilisha, utajua hujui.

Wakati huo mimi na mume wangu sote tulikuwa tukiruka kutoka kambi ya Nanyuki na kuishi Naromoru, nusu saa hivi kwa gari. Tulipokezana mtoto kwa zamu. Ikaja wiki moja majina yetu yote mawili yakatokea kwenye safari ya nje ya nchi, na mkuu wa kikosi akatuita ofisini. "Siwezi kupanga kikosi nikifuata ratiba ya nyumba yenu," alisema. "Nendeni mkaamue." Hakuwa na ubaya, alisema ukweli tu.

Mama mkwe akaja kutoka Othaya na njahi, yale maharagwe yetu meusi, na ndizi, akaketi sebuleni kwangu, akanywa vikombe viwili vya chai ndipo akasema kilichomleta. "Mtoto kama huyu anataka mamake. Mwanaume haezi. Hiyo kazi ya ndege iwe ya bwana yako, wewe kaa na mtoto. Ama namna gani?" Nilifungua mdomo nimjibu, na jibu lenyewe halikuwa la heshima, lakini mume wangu akanitangulia. "Mami, nitakaa mimi," alisema. Mama yake akaweka kikombe chini polepole. Mimi hata ile hapana ya adabu, ile ambayo mtu huisema mara moja ili abembelezwe, sikuisema. Niliogopa angeikubali.

Basi akaacha jeshi, yeye aliyekuwa wa kwanza. Akafungua karakana ndogo uani ya kutengeneza pampu za maji na sola, akawa baba wa nyumbani, na mimi nikaendelea kuruka. Ungedhani hapo wivu ungeniishia, maana anga lote sasa lilikuwa langu. Thubutu! Ulihama tu ukaingia nyumbani.

Maana yule mwanamume alikuwa hodari hata kwa hilo. Kanisani akina mama walimzunguka kama bwana harusi: "Huyo ni baba wa maana, Mungu amubariki." Sokoni, muuza mboga alimwongezea sukuma wiki bila kuulizwa. Mimi nikitokea na sare yangu, swali ni moja: "Na mtoto umeachia nani?" Nimemwachia babake, ala! Kwani babake ni chui? Miaka sita nimeulizwa hivyo. Yeye alipokuwa akiruka, hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumwuliza.

Siku moja nilitoka kazini mapema nikapita dukani Nanyuki kumnunulia mtoto viatu. Yeye huvaa aina moja tu, vyeusi vya kubandika, visivyo na kamba, na mwenye duka huwa anatuwekea. Ni mzee Mwislamu, anauza viatu na pia ni dalali wa ng'ombe wanaoshuka kutoka Doldol. "Namba ngapi, mama?" aliniuliza. Nikasimama. Sikujua. Nikakisia thelathini na moja. Mzee akatikisa kichwa kwa upole. "Si huyu ni mtoto wa rubani, yule hasemi? Huyo sasa ni thelathini na tatu. Babake alimleta juzi tukampima." Mimi niko pale na mabawa ya urubani yameng'aa kifuani, na rubani anayetajwa si mimi. Nikalipa, nikashukuru, nikaingia garini nikapiga usukani ngumi mbili. Honi ikalia, punda wa watu akashtuka na mkokoteni wake.

Asubuhi ndizo zilizokuwa zikinimaliza. Kumtoa mtoto nyumbani kwenda shule, kwenye kitengo maalum cha watoto kama yeye, ilikuwa vita. Kisha mume wangu akagundua njia. Alimpigia magoti, akachukua mkono wa mtoto akauweka kooni mwake mwenyewe, hapa panapotetemeka mtu akiongea, akaanza kumsomea kwa sauti nzito ile orodha ya ukaguzi ambayo sisi marubani tulikuwa tukiisoma kabla ya kuwasha helikopta. Aliigeuza kwa Kiswahili, ila rota, yale mapanga yanayozunguka juu, ikabaki rota. "Breki ya rota, imefungwa," na mguu wa kushoto unaingia kiatuni. "Betri, imewashwa," mguu wa kulia. "Taa za onyo, zimewaka," sweta. "Mafuta, yamefunguliwa," mkoba mgongoni. "Kulia, kweupe. Kushoto, kweupe," na mtoto anageuza kichwa kulia na kushoto kwa makini kuliko wanafunzi wengi wa urubani niliowahi kuwaona. "Tunawasha." Hapo anasimama, anatoka mlangoni, anaingia garini bila kelele.

Ilikuwa nzuri, na niliichukia. Kila asubuhi niliyokuwa nyumbani nilisimama jikoni na chai mkononi, nikitazama vile vidole vidogo kwenye koo ambalo si langu. Mimi ndiye niliyekuwa nikisoma orodha kazini kila siku, na mtoto hajawahi kuweka mkono wake kwangu hata mara moja.

Nilijaribu, usidhani sikujaribu. Lakini hapo ndipo kazi iliponiponza. Kikosini tulikuwa tumeletewa helikopta mpya, zile za zamani zikaegeshwa, na orodha ya hizi mpya ina mpangilio wake: betri ndiyo ya kwanza, na breki ya rota inakuja karibu na mwisho. Mara ya kwanza nilipompigia mtoto magoti nilianza na betri. Sikufikiri, ndivyo nilivyokuwa nimezoea. Alinitazama kama mtu aliyekuta mgeni kitandani mwake. Akavua kiatu akakirusha ukutani, na siku hiyo shule haikuendeka.

"Anataka ile ya zamani," mume wangu alisema. "Si unaijua? Ulikuwa unaisema hata ukiwa umelala."

"Siwezi," nikamjibu, na nikampa sababu, na sababu ilikuwa ya kweli. Nilipokuwa nikijifunza ndege mpya, mkono wangu wa kushoto ulienda wenyewe mahali palipokuwa na breki ya rota kwenye ile ya zamani. Kwenye mpya, hapo pana swichi ya kukata mafuta. Mwalimu aliudaka mkono wangu hewani. "Hiyo ndege ya zamani itoe kichwani," aliniambia, "ama itakuua pamoja na abiria." Nikajifundisha kusahau, miezi mitatu mizima, kama mtu anayeacha sigara. Sasa niirudie kila asubuhi, halafu niende kukaa kwenye kile kiti? Hapana. Mume wangu alielewa, kwa vile yeye ni rubani. Alielewa upesi mno, na hilo pia lilinikera.

Tukaishi hivyo mpaka mwaka huu, mvua zilipoisha, watu wanaolinda wanyama kwenye mashamba makubwa ya upande wa Doldol walipomtafuta. Walihitaji rubani wa helikopta ndogo, siku mbili kwa wiki, kuhesabu wanyama, kutafuta mifugo iliyoibwa, na kubeba wagonjwa barabara zikiharibika. Kuna mtu huko aliyekuwa ameikumbuka mikono yake. Walitaka jibu Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Sijawahi kumwona vile. Alitoka karakanani na mikono imejaa grisi, akanipa habari hiyo akiwa amesimama mlangoni, kama kijana anayeomba ruhusa ya kwenda mpirani. Mkuu wangu alikubali niripoti saa tatu siku hizo mbili, na jirani yetu angempokea mtoto mchana. Kilichobaki ni asubuhi. "Sitaki kukubali kazi ya watu halafu mtoto ashinde sakafuni," alisema. "Ukiweza kumtoa hata asubuhi moja bila mimi, nitajua inawezekana. Usipoweza, ni sawa tu. Tutangoja." Nilikuwa na likizo ya wiki moja kabla ya mtihani wangu wa ukapteni, ule wa kuaminiwa ndege na watu wote waliomo. Tukapatana tuitumie wiki hiyo.

Nilimwambia nimefurahi. Na nilifurahi, haki ya Mungu, kwa dakika kumi hivi. Halafu nikaanza kumwona juu ya Doldol, ametulia, watu wamesimama chini wakisema huyo ndiye. Angekuwa na mtoto na angekuwa na anga. Mimi miaka sita nilikuwa nimejifariji kwamba ameshika kimoja nami nimeshika kimoja. Wivu ni kidonda, wahenga walisema, ukishiriki utakonda. Wiki hiyo nilikonda kweli.

Jumatatu nilimpigia mtoto magoti na kuanza na betri, makusudi. Nilijiambia atazoea. Kiatu kikaenda ukutani. Jumanne niliacha orodha kabisa, nikamwimbia, nikampa biskuti. Alikula biskuti, akavua viatu. Jumatano hasira zikanipanda, nikambeba kwa nguvu kumpeleka garini, naye akaniuma begani mpaka sweta ikashika damu. Mume wangu, aliyekuwa amejizuia uani siku zote tatu, akaingia mbio. Akapiga magoti akasema, "Breki ya rota, imefungwa," na mtoto akanyamaza katikati ya kilio. Nikaenda kuosha bega. Kule bafuni nikawa naskiza orodha ikiendelea, moja baada ya nyingine, mpaka tunawasha.

Alhamisi, mume wangu aliondoka alfajiri kwenda Karatina kununua vipuri vya pampu. Vipuri hivyo vingeweza kungoja, nadhani alienda makusudi. Nikabaki na mtoto. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, viatu vimepangwa mbele yake, akitazama mlango. Babake hakuingia. Baada ya muda akaanza kujiuma mkono, pale pale panapoumwa siku zote, penye sugu.

Nikapiga magoti. Sikuwa nimeamua chochote. Nilisikia tu sauti yangu ikisema, "Breki ya rota, imefungwa."

Mkono ukatoka mdomoni. Akanitazama. Nikasema, "Betri, imewashwa," na ikaja yote, miezi mitatu ya kusahau haikuwa imefuta hata herufi. Aliinua ule mkono wake, baridi na wenye mate, akaanza kunipapasa kooni. Sauti yangu ni nyembamba, haitetemi pale inapotetema ya babake, kwa hiyo alitafuta. Alishuka chini kidogo, akapanda, akashuka tena, mpaka akapata penyewe. Akabonyeza. Nilitaka kulia lakini ningelia sauti ingekatika, nami sikuwa tayari kuondolewa ule mkono kwa kitu chochote duniani. Nikamaliza orodha. Akasimama akaenda garini, akafunga mlango mwenyewe.

Nilipomwacha shuleni niliegesha gari kando ya barabara, chini ya mlima uliokuwa umejifunika mawingu, nikalia na kucheka kwa pamoja. Mwendesha boda akasimama kuniuliza kama gari limekataa. Nikamwambia halijakataa, enda tu, Mungu akubariki.

Sasa ngoja nikwambie nilichofanya. Mchana mume wangu alirudi na maboksi yake. Aliyaweka chini mlangoni, akanipa mgongo akijifanya anayapanga, akauliza, "Leo je?" Nilijua amenipa mgongo ili nisimwone uso.

"Alikataa," nikasema. "Nimembeba tu."

Sikuwa nimepanga kusema neno hilo. Lakini nilipolisema sikulirudisha, kwa hiyo ni langu. Nilitaka kuwa na kitu kimoja ambacho yeye hakijui. Nilitaka ule mkono kooni uwe wangu peke yangu, na nilitaka yeye abaki karakanani na pampu zake, na anga libaki mahali lilipo. Nilikuwa nimepata nilichomwonea wivu miaka yote, na badala ya kushiba nikataka na chake.

Aligeuka akanitazama mikono. Hapakuwa na alama mpya ya meno. "Pole," alisema. "Umejaribu." Akaenda kunipikia chai.

Ijumaa asubuhi nilijifanya nimelala mpaka nikasikia gari likitoka. Niliogopa mtoto asije akanijia mbele ya babake. Saa nne mume wangu alikaa kwenye ngazi ya jikoni akawapigia wale watu simu. Mimi nilikuwa hapo hapo ndani, namenya viazi. "Nashukuru sana kwa kunikumbuka," nilimsikia. "La, si kwamba sitaki. Ni mambo ya nyumbani, mtoto wetu. Haya. Asante sana." Hakusema 'mke wangu ameshindwa.' Kati yangu na yeye palikuwa na mlango uliofunguliwa, ningesema neno moja tu, na ningeweza kulisema hata bila kuacha kisu. Nikamenya viazi vyote vya sufuria, na vingine vya kesho yake.

Jumapili kanisani mama mmoja alinishika mkono akaniambia, "Mungu alikupea mwanaume, wewe. Ujue kushukuru." Nilimwambia nashukuru.

Jumatatu likizo yangu ilikuwa imeisha. Nilikuwa jikoni na sare, uji uko juu ya moto unatokota, na kwa mlango niliona mume wangu akipiga magoti kwenye mkeka kama kawaida na kuchukua kiatu cha kushoto. Kabla hajafungua mdomo, mtoto akamnyang'anya kile kiatu. Akaokota na cha pili. Akainuka na viatu vyake viwili kifuani, akampita babake, akaja jikoni, akaketi sakafuni miguuni pangu na kuinua mkono juu. Hakunifikia kooni, nilikuwa nimesimama. Akashika mkono wa sare yangu akavuta, akavuta, mpaka nikapiga magoti. Kisha akaweka kiganja pale pale, bila kutafuta.

Nilikuwa nimeota siku hiyo tangu ajifunze kutembea, mtoto wangu awaache wote anijie mimi. Ilikuja, na sikuweza hata kuinua macho.

Mume wangu alikuwa bado amepiga magoti kwenye mkeka, mikono mitupu. Uji ukafurika ukazima moto.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Alhamisi."

Nikamwona akihesabu: Alhamisi, Ijumaa, ile simu. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Badala yake akasema, "Endelea. Anakungoja."

Nikasema orodha nzima ya ile ndege ya zamani mbele ya mwanamume aliyenifundisha nusu yake tulipokuwa wanafunzi. Kwenye mafuta sauti ilinikwama, na mtoto akabonyeza kwa nguvu zaidi, akitaka iendelee. Nilipofika tunawasha na mtoto kusimama, mume wangu hakuwa tena kwenye mkeka. Alikuwa uani na simu sikioni, akitembea huku na huku kati ya pampu. "Nilikuwa nauliza kama ile nafasi..." nilimsikia. Akasimama akisikiliza. "Aa, mmeshampa mtu, Jumamosi. Nimeelewa. Ni kijana mzuri huyo, mtamfurahia. Asante sana."

Akarudi ndani, akaweka mkebe wa chakula kwenye mkoba wa mtoto, maana nilikuwa nimeusahau. "Mtachelewa," alisema.

Tuligombana baadaye, ndiyo, yule si malaika. Lakini si kwa ajili ya kazi. Kuhusu kazi alisema zitakuja nyingine, na wale watu wameahidi kumkumbuka. Kilichomtoa machozi ni kingine, na alikisema mara moja tu. "Mtoto alifanya jambo kubwa siku hiyo," aliniambia, "na wewe ukasema hakuweza." Nilipotaka kumjibu kuhusu usalama wa ndege, aliniangalia tu, akaenda kumfunika mtoto.

Na hata hiyo sababu ya usalama haikuwa chochote. Nilifanya mtihani wangu wa ukapteni siku chache baadaye. Asubuhi hiyo nilikuwa nimesema orodha ya zamani nyumbani, saa tano nikasema mpya kwenye kiti, na mkono wangu wa kushoto ulikaa palipostahili. Kumbe kichwani mlikuwa na nafasi ya zote mbili.

Nilifaulu. Kikosini wana desturi ya kuwaalika wa nyumbani rubani akipewa ukapteni, kuna chai na mandazi na hotuba fupi ya mkuu. Mume wangu alikuja amevaa koti lake la harusi, mtoto mapajani amefunikwa masikio na vile vifaa vya kuzuia kelele. Kijana aliyepewa ile kazi ya Doldol alikuwa zamani mwanafunzi wake, hapa hapa kikosini, naye pia alikuwepo, na nilimwona mume wangu akimpa mkono, akimweleza jambo kuhusu upepo wa huko, kwa vidole, kwa subira.

Jina langu liliposomwa, yeye ndiye aliyesimama wa kwanza. Alipiga makofi mpaka watu wakamgeukia, akapiga mluzi, mtoto akaruka ruka mapajani... la, wakati huo alikuwa amembeba begani. Nilimkazia macho nikimtafutia unafiki usoni, hata kidogo tu, nipate pa kupumulia. Haukuwepo. Alikuwa na furaha yangu yote usoni mwake, safi. Nikasimama pale na cheo changu kipya, nikamwonea wivu kwa hilo kuliko nilivyowahi kumwonea kwa lolote, kwa sababu nilijua, kama ingekuwa yeye aliyeitwa na mimi ndiye niliyekuwa kwenye kiti chake, nisingeweza kumfurahia hivyo.